Wahanga wa Southampton: Uchambuzi wa Kisa cha Mashindano ya Mawakala wa Kompyuta ya Mwaka 2004

Mwezi Juni 2004, katika kongamano la kimataifa la wanasayansi wanaounda programu kwa kuiga mageuko ya viumbe, lililofanyika Portland katika jimbo la Oregon nchini Marekani, yaliendeshwa mashindano ambayo wachezaji wake hawakuwa watu bali mawakala wa kompyuta, yaani programu zilizoandikwa mapema na kuachwa zikutane, ziamue kushirikiana au kusalitiana, na zivune matokeo ya uamuzi wao bila mtu kuziingilia. Mwandaaji alikuwa Graham Kendall wa Chuo Kikuu cha Nottingham, na nia ilikuwa kurudia, baada ya zaidi ya miaka 20, jaribio lililompa Robert Axelrod wa Chuo Kikuu cha Michigan umaarufu wake. Programu 223 ziliingia, kila moja ikakutanishwa na nyingine zote, na alama zikajumlishwa. Nafasi tatu za juu zilichukuliwa na timu moja, ile ya Chuo Kikuu cha Southampton, ambayo peke yake ilikuwa imeingiza programu 60. Programu nyingine nyingi za timu hiyo hiyo zilionekana mkiani mwa orodha, na hazikufika huko kwa kuandikwa vibaya: ziliandikwa kwa makusudi ziangamie ili wenzao wapande.

Kisa hiki hutajwa mara nyingi kama hila ya kupendeza ya wasomi, kisha watu wakaendelea na mambo mengine. Mimi nakiona kizito zaidi ya hapo. Kwa zaidi ya miaka 40 sasa tumekuwa tukijenga jamii bandia ndani ya kompyuta na kuzitazama ili tujue wema, uaminifu na ushirikiano huzuka vipi miongoni mwa watu wanaojitafutia maslahi yao, na siku hizi tunawaachia mawakala wa namna hiyo kazi halisi, kama kupanga bei au kununua na kuuza hisa. Swali la nani ni mwema katika jamii ya namna hiyo limekwisha kuingia sokoni. Msimamo ninaoutetea hapa ni kwamba maadili ya jamii ya mawakala hayasomeki ndani ya kanuni ya wakala mmoja, wala hayasomeki kwenye orodha ya washindi. Yanasomeka mahali ambapo gharama ya ushirikiano imeangukia, na mara nyingi mahali hapo ndipo mtazamaji asipopaangalia.

Mchezo na historia yake

Mchezo wenyewe ni mtanziko wa mfungwa. Merrill Flood na Melvin Dresher waliubuni mwaka 1950 katika shirika la utafiti la RAND nchini Marekani, na mwanahisabati Albert Tucker akauvika hadithi ya washukiwa wawili wanaohojiwa katika vyumba tofauti, kila mmoja akiahidiwa nafuu iwapo atamtaja mwenzake. Katika mashindano, hadithi huachwa na kubaki alama. Wachezaji wawili huchagua kwa wakati mmoja ama kushirikiana ama kusaliti. Wakishirikiana wote, kila mmoja hupata alama 3. Wakisalitiana, kila mmoja hupata 1. Mmoja akisaliti huku mwenzake akishirikiana, msaliti huondoka na 5 na aliyesalitiwa huondoka na 0. Ukicheza mara moja tu na mtu usiyemjua, hesabu inakuelekeza kusaliti bila kujali atakachofanya yeye. Mkicheza mara nyingi, hesabu hubadilika, kwa kuwa uliyemsaliti leo utakutana naye kesho akiwa na kumbukumbu.

Ipo sehemu moja ya hesabu hiyo ambayo wasomaji wengi huipita, nayo ndiyo kiini cha kisa hiki. Alama zimepangwa ili jumla ya wawili wanaoshirikiana, ambayo ni 6, iwe kubwa kuliko jumla ya msaliti na msalitiwa, ambayo ni 5. Sharti hilo si pambo la kihisabati. Maana yake ni kwamba hata ndugu wawili wakikubaliana mmoja ajitoe mhanga ili mwenzake anufaike, nyumba yao kwa ujumla inapata hasara kila wanapofanya hivyo.

Axelrod aliendesha mashindano yake ya kwanza kwa programu 14 zilizoletwa na wanauchumi, wanasaikolojia, wanahisabati, wanasosholojia na wataalamu wa siasa, akaongeza moja iliyocheza kwa kubahatisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980. Programu iliyoshinda ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote, TIT FOR TAT ya Anatol Rapoport wa Chuo Kikuu cha Toronto, ambayo nitaiita Nipe Nikupe. Huanza kwa kushirikiana, kisha hurudia kile ambacho mpinzani alifanya katika hatua iliyopita, basi. Axelrod aliwatangazia watu matokeo hayo, akaitisha mashindano ya pili, na ingawa washiriki 62 kutoka nchi sita walijua tayari ni nani wa kumshinda, Nipe Nikupe ikashinda tena.

Somo ambalo ulimwengu ulilichukua lilikuwa la kutia moyo: usiwe wa kwanza kusaliti, ukisalitiwa jibu papo hapo, mwenzako akirejea kwenye wema msamehe, na usimwonee kijicho anayepata sawa na wewe. Waliosema dawa ya moto ni moto waliona nusu tu ya jambo hilo, kwa sababu nguvu ya Nipe Nikupe ilikuwa katika kusamehe kwake kadiri ilivyokuwa katika kujibu kwake. Tena ipo hulka yake moja inayostahili kukumbukwa: katika pambano lolote la wawili, Nipe Nikupe haiwezi kamwe kupata alama nyingi kuliko mpinzani wake. Ilishinda mashindano bila kumshinda mtu yeyote ana kwa ana, kwa kuwa ilivuna ushirikiano mwingi kutoka kwa wengi.

Axelrod alikwenda hatua moja mbele. Aliyachukua matokeo ya mashindano ya pili akayageuza kuwa jamii inayozaana: programu iliyopata alama nyingi ilipewa wafuasi wengi katika kizazi kinachofuata, na iliyopata chache ikapungua. Miongoni mwa programu 15 bora za mashindano hayo, moja tu, iliyojulikana kwa jina la Harrington, ilikuwa na tabia ya kuanza kusaliti. Ilistawi kwa muda kwa kuwanyonya waliokuwa wepesi kunyonywa. Kisha wanyonge hao wakaisha katika jamii, na Harrington, iliyokuwa ikiwategemea kwa chakula, ikafuata njia hiyo hiyo ya kutoweka.

Yaliyofanyika Portland

Wakiongozwa na Nicholas Jennings na Gopal Ramchurn, watafiti wa Southampton waliingiza programu 60 zilizokuwa na saini ya siri. Kila moja ilianza pambano kwa mfululizo wa hatua kati ya tano na kumi uliopangwa mapema, mfululizo ambao kwa mgeni ungeonekana kama tabia ya kusitasita, lakini kwa mwenzake ulikuwa salamu na jibu la salamu. Saini ikikubaliana, mmoja alishirikiana hadi mwisho huku mwingine akimsaliti hadi mwisho. Saini isipokubaliana, programu ilijua kwamba imekutana na mtu wa nje, nayo ikasaliti mfululizo ili kumpunguzia alama.

Njia nzuri ya kulielewa jambo hili ni kulitazama kwa karibu, hatua kwa hatua. Chukua mfano nilioutunga kwa ajili ya hesabu, wenye hatua 200 kama ilivyokuwa katika mashindano ya kwanza ya Axelrod, na saini ya hatua sita: shirikiana, saliti, saliti, shirikiana, saliti, shirikiana. Programu mbili za timu moja zinakutana. Katika hatua hizo sita zinacheza sawasawa, zinashirikiana mara tatu na kusalitiana mara tatu, na kila moja inapata alama 12. Kuanzia hatua ya saba kila moja inajua nafasi yake. Mmoja, ambaye nitamwita mnufaika, anasaliti mara 194 zilizobaki, na mwenzake, mhanga, anashirikiana mara 194. Mnufaika anamaliza na alama 982. Mhanga anamaliza na zile zile 12 alizoanza nazo.

Sasa mlete Nipe Nikupe mbele ya mhanga huyo huyo. Hatua ya kwanza wote wanashirikiana. Hatua ya pili mhanga anasaliti, kama saini inavyomtaka, na Nipe Nikupe, isiyo na habari, inashirikiana. Kosa hilo moja la saini linatosha kumfichua mgeni. Kuanzia hapo mhanga anasaliti bila kukoma, Nipe Nikupe inajibu kwa kusaliti, na wawili hao wanagongana kwa alama moja moja hadi hatua ya 200. Nipe Nikupe inaondoka na alama 201 mahali ambapo kwa mwenzake mwema ingeondoka na 600.

Kwa hiyo mhanga alifanya kazi mbili. Alimlisha mnufaika kwa kiwango ambacho hakuna ushirikiano wa haki ungeweza kukifikia, na alimharibia kila mgeni aliyekutana naye. Na hapa sharti lile la alama 6 dhidi ya 5 linarudi na uzito wake wote. Ndugu wawili wa mfano wangu wakijumlishwa wana alama 994. Kama wangeshirikiana tangu mwanzo hadi mwisho wangekuwa na 1,200. Kila pambano la aina hii liliifanya jamii nzima kuwa maskini zaidi, ikiwemo timu yenyewe ukiihesabu kama familia. Mpango ulileta ushindi kwa sababu moja tu: kombe lilitolewa kwa programu yenye alama nyingi, wala si kwa timu yenye wastani mzuri.

Je, kulikuwa na kosa?

Niseme kwanza kile ambacho hakikuwa kosa. Sheria za mashindano ziliruhusu mtu kuingiza programu zaidi ya moja, na hakuna kifungu kilichokataza programu kutambuana. Timu haikuficha lolote. Oktoba mwaka huo chuo chao kilitangaza ushindi na kueleza mbinu yake waziwazi. Tena kisayansi kazi yao ilikuwa na thamani kubwa, kwa kuwa walichokuwa wakitafiti ni namna mawakala wanavyoweza kupeana taarifa na kuratibu matendo yao mahali ambapo hakuna njia ya mawasiliano isipokuwa matendo yenyewe. Katika makala waliyochapisha baadaye walionyesha kwamba hata panapokuwa na kelele, yaani pale hatua ya mchezaji inapoweza kupokewa kinyume na alivyoikusudia, saini inaweza kulindwa kwa zile hisabati zinazotumika kusahihisha makosa katika mawasiliano ya simu na kompyuta. Huo ni ugunduzi wa maana, na mtu anayewaita walaghai hawatendei haki.

Swali la pili ni la wahanga wenyewe. Wapo wanaoona katika programu hizi upendo wa kujitoa, na wapo wanaoona utumwa. Nadhani wote wamekosea kwa namna moja. Mtu anayejitoa mhanga ana kitu chake anachokiacha: maisha, mali, usingizi, jina. Programu ya mkiani haikuwa na kitu cha kuacha. Alama 12 hazikuiuma na alama 982 hazikumfurahisha mnufaika. Kuipa sifa ya upendo ni kuivika programu joho la mtu aliyeiandika, na kuionea huruma kama mtumwa ni kosa hilo hilo kwa upande wa pili. Ninasisitiza jambo hili kwa kuwa linatokea mara nyingi katika maandishi ya fani hii: neno la maadili linaazimwa ili kurahisisha maelezo, kisha linasahaulika kurudishwa, na baada ya kurasa chache mwandishi anaandika kana kwamba ndani ya kompyuta mna nafsi zinazoteseka au kutenda mema.

Lakini kusema kwamba mhanga hakudhulumiwa si kusema kwamba hapakuwa na suala la maadili. Kulikuwa na watu walioandika zile programu 163 zilizobaki, ambao walikuja wakidhani wanashindanisha kanuni na kanuni, kumbe baadhi ya mapambano yao yaliamuliwa kabla hayajaanza. Kulikuwa pia na wasomaji wa matokeo. Mtu aliyesoma nafasi tatu za juu pekee angeweza kuandika kwamba usaliti umeishinda Nipe Nikupe, na kwamba matumaini ya Axelrod yalikuwa ya kitoto. Angekuwa amesoma vibaya kabisa. Orodha yote kwa ukamilifu wake inasema jambo tofauti: mnufaika alishinda kwa kulishwa na kundi lililopangwa kushindwa, na msaliti asiye na kundi la namna hiyo hakuwa na sababu ya kutarajia makubwa.

Ulinganisho na Harrington unasaidia hapa. Harrington iliishi kwa kunyonya na ikafa kwa kukosa wa kunyonya, kwa sababu katika jamii ile inayozaana wanyonge walioliwa hawakuletwa tena. Hebu tuiweke timu ya mfano wangu katika jamii ya namna hiyo, kwa sharti kwamba anayezaliwa anarithi nafasi ya mzazi wake, mnufaika akizaa mnufaika na mhanga akizaa mhanga. Wahanga, wenye alama 12 kwa ndugu na takriban 200 kwa wageni walio wema, watapungua kwa kasi kuliko kundi lolote. Vizazi vichache baadaye wanufaika watabaki bila wa kuwalisha, nao watalazimika kuishi kwa tabia yao ya kawaida kama wengine. Kilichowaokoa Portland ni kwamba mashindano yalikuwa ya kizazi kimoja na wahanga waliletwa kutoka nje na mkono wa mtu. Mfumo wa aina hii hudumu pale tu ambapo kuna mtu anayeendelea kuleta wahanga wapya, na huyo ndiye anayestahili kuulizwa maswali ya maadili, si programu.

Bila mtu wa kuwapanga

Mtu anaweza kujibu kwamba kisa cha Southampton hakisemi lolote kuhusu jamii za mawakala kwa jumla, kwa kuwa njama ilitoka kwa wanadamu. Jibu hilo lingeniridhisha kama kusingekuwa na kazi ya Ross Hammond na Axelrod mwenyewe, iliyochapishwa mwaka 2006. Waliwaweka mawakala kwenye uwanja wa miraba 50 kwa 50. Kila wakala alikuwa na rangi moja kati ya nne, na mambo mawili tu ya kuamua: kama atamsaidia jirani wa rangi yake, na kama atamsaidia jirani wa rangi nyingine. Kusaidia kulimgharimu kidogo mtoaji na kumfaa zaidi mpokeaji. Mawakala hawakuwa na kumbukumbu, hawakuwa na saini, na hakuna aliyewafundisha kubagua. Watoto walizaliwa karibu na wazazi wao na kurithi tabia zao, mara chache tu tabia hiyo ikibadilika kwa bahati. Baada ya muda, takriban robo tatu ya jamii ilikuwa ya mawakala wanaowasaidia wa rangi yao na kuwanyima wengine.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka ukabila mara moja, na ana sababu. Ningemwomba asiende mbali sana na ulinganisho huo. Rangi ndani ya kompyuta ile haikuchorewa mipaka na serikali ya kikoloni, haikuhesabiwa kwenye sensa, wala haikutafutiwa kura na mwanasiasa yeyote. Jaribio linaonyesha kwamba upendeleo wa kundi unaweza kuzuka hata pale sababu zote hizo zinapokosekana. Halionyeshi kwamba sababu hizo hazina kazi kwetu, na halitoi udhuru kwa mtu yeyote. Ninalolichukua kutoka humo ni dogo na lenye nguvu: ushirikiano uliokuwa ukisherehekewa tangu mwaka 1980 unaweza kustawi ndani ya kundi huku ukimnyima jirani asiye wa kundi, na mtafiti anayepima kiasi cha ushirikiano bila kuuliza unaelekezwa kwa nani ataandika kwamba jamii ile ina wema mwingi.

Upo upande wa tatu, na ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mwaka 2020 wanauchumi Emilio Calvano, Giacomo Calzolari, Vincenzo Denicolò na Sergio Pastorello walichapisha utafiti wa mawakala wanaojifunza wenyewe kupanga bei katika soko la majaribio ndani ya kompyuta. Mawakala walianza bila kujua lolote kuhusu soko. Hawakuwa na njia ya kuzungumza, na hawakuambiwa washirikiane. Kila mmoja alipewa lengo moja, faida yake. Walijifunza kuweka bei juu ya kiwango ambacho ushindani ungeleta. Watafiti walipomlazimisha mmoja ashushe bei ili awanyang'anye wenzake wateja, mwingine alijibu kwa kushusha yake, wakaumizana kwa muda, kisha wakapanda pamoja hatua kwa hatua hadi walipokuwa mwanzo.

Isome tena tabia hiyo. Hawaanzi ugomvi. Wakichokozwa wanajibu. Wakishajibu wanasamehe na kurejea kwenye mapatano. Ni fadhila zile zile zilizoifanya Nipe Nikupe ipendwe na kizazi kizima cha wasomi, na hapa zinamwibia mnunuzi. Mnunuzi hayumo katika mchezo. Hana hatua ya kucheza wala alama za kuhesabiwa, na asiyekuwapo na lake halipo. Hata hadithi ya Tucker ya washukiwa wawili ilikuwa na mtu wa namna hiyo tangu mwanzo, yaani aliyeibiwa au kujeruhiwa, ambaye ushirikiano wa washukiwa ungemnyima haki. Tumeisimulia hadithi hiyo kwa miaka mingi tukiwaonea huruma wafungwa, na mara chache sana tumemtaja yeye.

Sheria za ushindani hazijakaa sawa na jambo hili. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2010, kama zilivyo sheria za nchi nyingi, zinakataza washindani kukubaliana kupanga bei. Mwendesha mashtaka hutafuta kikao, barua, simu, shahidi aliyekuwa chumbani. Mawakala wa mfano wa Calvano na wenzake hawakuwa na kikao. Southampton walau walikuwa na saini, kitu ambacho mtu angeweza kukinyooshea kidole. Hawa hawakuwa hata na hiyo. Kwa maoni yangu, anayeweka wakala sokoni na kumpa lengo la faida pekee anawajibika kwa bei inayotokea, awe alikusudia au hakukusudia, kama vile mwenye mbwa anavyowajibika kwa aliyeumwa. Sioni msingi mwingine wa uwajibikaji unaobaki umesimama pale nia na mazungumzo vyote vinapokosekana.

Kinachopaswa kuangaliwa

Baada ya Portland, katika mashindano yaliyofanyika mwaka uliofuata, waandaaji waliweka kundi moja ambamo kila mshiriki aliruhusiwa kuingiza programu moja tu. Hatua hiyo ilikuwa ya busara, lakini haizibi tundu lote. Watu kumi wenye majina kumi tofauti wanaweza kukubaliana saini moja kabla ya kutuma programu zao, na mlangoni hakuna wa kuwatambua. Vivyo hivyo, kampuni kumi zinaweza kununua wakala mmoja wa bei kutoka kwa muuzaji mmoja, na kila moja ikadai kwa kweli kabisa kwamba haijazungumza na nyingine.

Kwa hiyo ukaguzi hauna budi kuhamia ndani, kwenye kumbukumbu za mapambano yenyewe. Mkaguzi wa mashindano ya aina hii anapaswa kupewa hatua zote za kila pambano, si jumla ya alama, na kazi yake ya kwanza iwe kuzitazama hatua kumi za mwanzo na kutafuta mifululizo inayojirudia kwa programu zinazodai kutojuana. Kazi ya pili ni kutafuta mapambano yaliyoisha kwa pengo kubwa kupita kiasi, kama lile la 982 kwa 12, kisha kuuliza ni nani mwingine ambaye mwenye alama 12 aliwahi kumwachia ushindi wa namna hiyo. Akiwa amewaachia wawili au watatu tu na kuwasaliti wote waliobaki, jibu limepatikana. Kazi ya tatu ni kumpa kila wakala mgeni asiyefanana na yeyote aliyekwisha kukutana naye na kuona anavyomtendea, kwa kuwa wema kwa anayekutambua hausemi mengi. Na pale ambapo mawakala wanapanga bei, mkaguzi huyo huyo aongeze safu moja kwenye jedwali lake, ya kiasi alicholipa mnunuzi katika kila kipindi, hata kama ndani ya programu hakuna mtu aliyeiandikia nafasi.